Viota Kumi na Kimoja vya Mfaume

Mfaume Likwata ni mtu wa kuhesabu. Akija kukujulia hali, ukamkaribisha mkekani, utaona macho yake yanapanda darini: anahesabu fito za nyumba yako. Zamani tulikuwa tunamcheka sana kwa tabia hiyo, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, kwa hiyo nasema ninachokijua. Naandika habari zake mwaka huu wa 1976, yeye mwenyewe yu hai, nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu, na nikikosea mahali ataniambia nifute. Jina langu ni Somoe Dadi. Mwandiko huu ni wangu. Anayeona haukunyooka na alete wa kwake tuulinganishe.

Kijiji chetu, Mnengo, kiko mwisho wa ardhi. Ukishapita Madimba na Msimbati unaendelea kutembea mpaka mchanga ukuchoshe miguu, hapo umefika. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni mikoko ya mlango wa mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na miaka yote ya vita tulipalilia mihogo huku tukisikia mingurumo kutoka huko. Tuna mihogo, tuna mikorosho, na maji yakitoka tunaokota chaza na kaa. Na tuna kasa, ambao hupanda mchangani wakati wa masika kutaga, wakafukia mayai yao na kurudi baharini. Mayai ya kasa ni ya mviringo, laini, na ute wake haushiki hata uyachemshe toka asubuhi hadi adhuhuri. Kwetu yalikuwa kitoweo. Aliyeyaona aliyachimba, na hakuna aliyeuliza swali.

Mfaume alizaliwa hapa hapa. Baba yake alimpeleka shule Mikindani, akasoma mpaka darasa la nane, akapata ukarani bandarini Mtwara. Kazi yake ilikuwa kusimama gatini, ubao mkononi, akihesabu magunia ya korosho yanayopandishwa melini. Kila gunia mstari mmoja wa wima, na gunia la tano mstari wa kukata. Alifanya hivyo miaka tisa, na kazi ya miaka tisa haimtoki mtu. Alipomwoa Salma wa hapa kijijini nilimuuliza kwa utani kama amewahesabu wageni wa harusi. Akanijibu bila kucheka kwamba walikuwa mia na kumi na wawili, na wawili kati yao hawakualikwa.

Mwaka 1967 alikuja likizo, akaingia majini kuoga, akakanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Anayeijua pwani anajua mwiba wa taa unavyouma. Mguu wa kushoto ulimvimba mpaka gotini, na ulipopona ulibaki mzito, hakuweza tena kusimama gatini kutwa. Akarudi nyumbani moja kwa moja na mkewe, sanduku la bati, na daftari kubwa lenye jalada gumu ambalo wenzake walimpa siku ya kumuaga. Daktari alimwambia atembee mchangani kila asubuhi ili mguu upate nguvu. Ndivyo alivyoanza na kasa.

Anasema alipokuwa mtoto, asubuhi za masika pwani yetu ilikuwa imechorwa njia za kasa utadhani matingatinga ya wazungu wa ule mradi wa karanga yamepita. Sasa alitembea kuanzia ule mti mkubwa wa mvinje mpaka mikoko inapoanzia, akakuta njia moja. Siku nyingine hakukuta hata moja. Mtu mwingine angesema "haya" na kwenda zake. Yeye alichonga vijiti, akaviandika namba, akawa anakita kijiti kila alipokuta kiota, na akirudi nyumbani anachora mistari kwenye lile daftari. Mwaka 1968 viota arobaini na kimoja. Mwaka 1970 thelathini na vitatu. Mwaka 1972 ishirini na sita, na kati ya hivyo viliangua viwili.

"Viwili tu, Somoe," aliniambia tulipokutana kisimani.

"Basi mwakani vitakuwa vitatu," nikamjibu, nikajitwika ndoo yangu nikaondoka nikicheka. Sikuelewa kwamba mtu ananiambia jambo. Sisi sote tulidhani anahesabu kwa sababu ni mtu wa kuhesabu, na kwamba wakiisha kasa atahesabu kaa.

Mwaka 1971 serikali ilisukuma kisomo cha watu wazima nchi nzima, na Mnengo mwalimu wa kujitolea angekuwa nani zaidi ya yeye? Tulijenga kibanda cha makuti chenye ukuta mmoja wa udongo. Ubao tuliutengeneza wenyewe kwa mbao tulizopaka unga mweusi wa betri uliopondwa pamoja na majani ya muhogo. Wanafunzi tulikuwa ishirini na watatu, wengi wanawake, na mwanafunzi aliyekuja wa kwanza siku ya kwanza, na kanga yake mpya, alikuwa Bi Asha, mama yake Salma. Yaani mama mkwe wa mwalimu.

Hapo lazima nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Akimwona anakuja njiani anampisha porini. Hamwiti jina, hamtazami usoni, hali naye sahani moja, na kumwamrisha ni neno ambalo hata mdomo unakataa kulitoa. Sasa fikiria unamfundisha kusoma. Bi Asha alikaa karibu na mlango, nyuma ya wote, na Mfaume alifundisha akiwa ameelekea ubaoni kama mtu anayegombana nao. Zamu ya Bi Asha ikifika alisema, "Aliye karibu na mlango asome." Akikosea, mwalimu alinigeukia mimi.

"Somoe, mwambie aliye karibu na mlango kwamba hiyo ni ba, si da."

Bi Asha, ambaye masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote, alisubiri nimwambie. Kisha ananijibu, "Mwambie mwalimu nimesikia." Kutoka ubaoni mpaka mlangoni ni hatua sita. Kwa miaka miwili mimi nilikuwa njia ya hatua sita.

Jambo la pili la kujua ni kwamba masomo yetu hayakuishia kwenye kusoma. Mratibu aliyekuja kutufungulia darasa alisema mtu asome, kisha atende, na Mfaume alilishika neno hilo barabara. Tuliposoma PANDA MIHOGO KWA MISTARI, kesho yake tulikutana shambani kwa mmoja wetu tukapanda kwa mistari. Tuliposoma CHIMBA CHOO, tulichimba vyoo saba. Na kila mara ulileta ushahidi darasani: kipande cha mche, donge la udongo wa shimo lako. Mwalimu anatazama, anakuwekea alama. Nilizipenda zile alama kuliko nilivyopenda kusoma kwenyewe, sioni haya kukiri.

Aprili 1973 Mfaume alitengeneza gazeti la ukutani. Alikuwa na karatasi ngumu za mifuko ya saruji, akazikunjua, akaandika kwa mkaa herufi kubwa ili sisi tulioanza juzi tuweze. Alilifanyia kazi siku nne. Alilibandika ukutani kwa uji wa muhogo, mimi nimeshika pembe moja. Lilisema hivi:

KASA NI MNYAMA WA PWANI YETU.
KASA ANATAGA MAYAI MIA NA ZAIDI.
ANAYAFUKIA MCHANGANI.
FUATA NJIA YAKE MPAKA MWISHO.
MAYAI YAKO CHINI, UREFU WA MKONO.
VIJITI VINAONYESHA VIOTA KUMI NA KIMOJA.

Chini alichora ramani, kuanzia mvinje hadi mikoko, na vijiti vyake vyote na namba zake. Ilikuwa ramani nzuri. Alitaka tumjue mnyama kwanza, aliniambia baadaye, kwa sababu mtu hawezi kukionea huruma kitu asichokijua. Lakini soma tena maneno yale. Hakuna mahali palipoandikwa tuyaache.

Kesho yake Mfaume aliitwa Mtwara kwenye semina ya walimu wa kujitolea, siku tatu. Alasiri tulifika darasani kama kawaida, tukakaa tukitazamana. Tungeweza kurudi majumbani. Bi Asha akasimama.

"Mwalimu hayupo," akasema, "lakini ukuta upo."

Tukaanza. Tulikwenda herufi kwa herufi, neno kwa neno, jasho linatutoka. Mmoja anakwama, mwingine anamvuta. Mpaka jua linainama watu kumi na mmoja walikuwa wameweza kusoma gazeti lote, toka KASA hadi KIMOJA, bila kukosea. Hakuna aliyetusaidia. Naliandika mara ya pili: hakuna aliyetusaidia. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne, na siku ile ndiyo niliyojua kwamba kumbe maneno yanaweza kuingia kichwani mwangu bila mtu kuyasema.

"Haya," Bi Asha akasema, "somo limesomwa. Kazi yake ipi?"

Akajibu Omari, mkwezi wetu wa minazi. "Mbona iko wazi? Fuata njia yake. Mayai yako chini."

Nani angebisha? Viota kumi na kimoja, wasomaji kumi na mmoja. Hata hesabu ilikubali. Bi Asha alitugawia: aliyesoma bila kosa achukue kiota kimoja, wengine wamsaidie kubeba. Yeye akachukua cha kwanza. Mimi nikapewa cha nne.

Asubuhi maji yakiwa yametoka tulikwenda pwani na vikapu vyetu, tukifuata ramani, tukiimba. Kijiti namba nne kilikuwa mahali hasa karatasi ilipokionyesha. Nilichimba mpaka bega likagusa mchanga. Nilitoa mayai mia na tatu, na niliyahesabu kwa mistari, minne na mmoja wa kukata, mchangani, kama tulivyofundishwa. Yai la mwisho lilipasuka kiganjani mwangu. Ndani yake mlikuwa na kasa. Kasa mzima, mdogo kuliko kidole gumba, na vikono vyake. Kikono kimoja kilijisogeza, kisha kikaacha.

Nilimfunga kwenye pindo la kanga yangu. Sikumwambia mtu. Ningeweza kusimama pale pale nikasema, jamani tumngojee mwalimu, na nadhani wangenisikiliza. Sikusema, kwa sababu nilitaka alama yangu. Niliona aibu asubuhi ile, na aibu hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Hatukupika hata yai moja. Mtu anayepika ushahidi wake atapata alama gani? Tulivifunika vikapu kwa majani tukaviweka kibandani, na Mfaume aliporudi siku ya tatu alikuta vikapu kumi na kimoja vimepangwa chini ya gazeti lake. Juu ya kila kikapu kulikuwa na kijiti chake, na nyuma ya kila kikapu mtu amesimama anatabasamu.

Alisimama mlangoni akivihesabu. Kisha akaenda ubaoni, akatuelekezea mgongo kama siku zote.

"Nani amesoma?" akauliza.

"Sote kumi na mmoja," akasema Omari.

"Someni mmoja mmoja."

Tukasoma. Mmoja anamaliza, yeye anasema "Vizuri," anafuata mwingine. Mara kumi alisema vizuri kwa sauti ile ile. Wa kumi na moja alikuwa aliye karibu na mlango. Bi Asha alisoma taratibu, kwa sauti kubwa, na alipofika mwisho Mfaume aligeuka. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kidevuni. "Mmesoma vizuri sana," akasema, akatoka nje.

Wenzangu walidhani ni furaha. Mimi nilimfuata, nikafungua pindo la kanga. Alimtazama yule kasa mdogo aliyekwisha kukauka.

"Namba nne," akasema. "Alikuwa amebakiza siku tano."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliuliza tu kama kuna yaliyopikwa, nikasema hapana, akasema basi turudishe. Alasiri ile darasa zima lilirudi pwani kufukia mayai, na hapo ndipo wenzangu walipoanza kuelewa, kikapu baada ya kikapu, mpaka nyimbo zikaisha. Mfaume alisema inafaa kila yai lilale kama lilivyokuwa limelala. Lakini yai la kasa ni la mviringo. Nani angejua upande upi ulikuwa juu?

Tulisubiri siku sitini. Kila asubuhi alipita pale, na mguu wake ule. Mwishoni mwa Juni alichimba mwenyewe, tukiwa mimi na Salma. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Yote yameoza. Alichimba mpaka cha kumi na moja, hakuruka hata kimoja, kisha akakaa chini mchangani, mikono imelegea magotini. Salma akakaa karibu naye. Mbali kidogo, chini ya mvinje, Bi Asha alikuwa amesimama na kikapu chake cha chaza. Asingeweza kusogea. Mkwe wake yuko chini, analia, naye hawezi kumwambia pole. Alisimama mpaka maji yakaanza kujaa, akaondoka.

Baada ya hapo Mfaume aliendelea kufundisha, lakini aliliondoa gazeti na hakuandika jingine. Alitusomesha kitabu tulicholetewa, kinahusu pamba, zao ambalo hakuna mtu wa Mnengo aliyewahi kuliona shambani. Ukuta ulibaki mtupu wiki tano. Alipoulizwa gazeti lini, alisema hana la kuandika. Alikuwa na hakika kwamba maneno yake ndiyo yaliyowaua kasa, na kwamba masika ijayo watu wataanza na vijiti vyake. Nami niliona ni kweli.

Siku moja ya Agosti tulifika tukakuta karatasi ukutani. Haikuwa yake. Herufi zilikuwa kubwa, zimelaliana, nyingine zimepanda juu ya jirani zake, na zilisema:

NKWE. MIMI SIJUI KASA. WEWE UNAJUA. KWA NINI HUKUANDIKA TUSICHIMBE.

Tulisoma tukaogopa hata kugeuka. Bi Asha alikuwa amekaa mahali pake karibu na mlango, anafukuza inzi. Mfaume aliingia, akasoma, akasimama. Katika miaka kumi na mitatu ya kumwoa binti yake, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza mama mkwe wake kumwambia bila mtu wa katikati. Alichukua mkaa. Akaandika chini yake:

MAMA. SIWEZI KUKUAMRISHA.

Kisha akafundisha pamba kama kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake karatasi ilikuwa imeongezeka mstari:

UKUTA SI MDOMO. ANDIKA.

Mnengo nzima ilikuja. Watu ambao hawajawahi kutia mguu darasani walisimama nje wakituuliza, "Kasemaje? Na huyu kajibuje?" Tukawaambia wajiandikishe wasome wenyewe, na wengine walijiandikisha kweli. Bwana, mtu na mkwe wake wanazungumza hadharani! Wengine waliona ni utovu wa adabu. Bi Asha akawauliza, "Mmenisikia nikisema naye? Mmemsikia yeye?" Hakuna aliyekuwa amesikia chochote.

Mfaume alichukua siku mbili. Siku ya tatu aliandika, na herufi zake safari hii zilikuwa ndogo:

MAMA, NAOMBA TUYAACHE.

Bi Asha aliyasoma, midomo inacheza. Akanigeukia. "Somoe, nipe mkaa." Alikwenda ukutani mwenyewe, sisi sote tunamwangalia, mkwe wake amegeukia ubao, akaandika mpaka mgongo ukamuuma:

NIMEOMBWA NA NKWE WANGU. KASA WA KUANZIA MVINJE HADI MIKOKO ASICHIMBWE. ANAYETAKA KUCHIMBA AJE KWANGU KWANZA. ASHA.

Ieleweke Bi Asha ni nani. Nusu ya kijiji amewatoa tumboni mwa mama zao kwa mikono yake, na nusu nyingine amewacheza unyagoni. Mwaka 1974 hakuna aliyekwenda kwake. Omari mkwezi alifika mpaka uani siku moja, na kikapu, akaulizwa anataka nini, akasema amekuja kuamkia.

Masika hiyo gazeti lilirudi, na kila somo la kasa lilikuwa na kazi yake iliyoandikwa wazi: kata miiba ufunike kiota, fukuza kenge, mbwa afungwe. Tulikwenda kwa zamu. Ushahidi ulikuwa ni kiota chenyewe, kizima. Viota kumi na tisa, na vilivyoangua ni kumi na sita. Asubuhi moja ya Juni, jua ndiyo kwanza linachomoza, tuliwaona wakitoka mchangani, wanasukumana kama watoto wanaotoka chuo cha Kurani. Mfaume alikuwa upande huu wa kiota, Bi Asha upande ule chini ya mvinje.

"Somoe," akaniita, "mwulize mwalimu wamekuwa wangapi."

"Mwambie aliye karibu na mvinje," akasema Mfaume, "themanini na wanane."

Mwaka jana, kwenye mtihani wa kisomo, kila mmoja aliambiwa aandike sentensi moja kuhusu maisha yake. Bi Asha aliandika: "Nina kasa kumi na tisa." Msimamizi aliyetoka mjini alimuuliza anawafuga wapi na anawalisha nini. Akamwambia akamuulize mkwe wake.

Masika ya mwaka huu mguu wa Mfaume umekataa. Mchanga laini hauwezi tena. Mwezi uliopita aliniita, akanipa vijiti na lile daftari, akasema, "Sasa karani ni wewe." Nilikwenda nalo nyumbani nikaanza kulifungua toka mwanzo. Nilifikiri mwaka 1973 nitakuta ameuruka, au amekata mstari mmoja ukurasa mzima. Mimi ningefanya hivyo. Nilikuta ukurasa umejaa, kwa mwandiko wake wa bandarini, tarehe ni ile ile aliyorudi kutoka semina:

Kiota 1. Mayai 118. Hakipo. Mama anasoma.
Kiota 2. Mayai 96. Hakipo. Omari anasoma.
Kiota 3. Mayai 121. Hakipo. Mwanahawa anasoma.
Kiota 4. Mayai 103. Hakipo. Somoe anasoma.

Inaendelea hivyo mpaka cha kumi na moja. Chini ameweka mistari yake, minne na mmoja wa kukata, minne na mmoja wa kukata, na mmoja peke yake.

Nililia sana. Kisha nikageuza mpaka ukurasa mweupe, nikaandika 1976, na chini yake nikaandika kiota cha kwanza, ambacho nilikuwa nimekiona asubuhi ile karibu na mvinje.